Anga Jekundu Katika Juma la Kupaa



Mwaka 2024 Sikukuu ya Kupaa iliangukia Alhamisi, tarehe 9 Mei. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya juma lile anga la Uingereza, Marekani na nchi nyingine liliwaka nyekundu na kijani, na kulipokucha picha zilikwisha kuingia katika simu za vijana wetu hapa Mbulu na Hanang. Jumapili, baada ya ibada, mama mmoja wa upande wa Katesh alitungoja mlangoni.

“Shikamoo Mwalimu. Hizi si zile dalili? Nivune maharage yangu au niache?”

Zamani chuoni tulizoea kuwacheka wenye maswali ya namna hii. Siku hiyo hatukucheka. Mama huyu aliliona tope la Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, lililoua watu zaidi ya 80. Aliyeona mlima ukishuka ana haki ya kuuliza habari za mbingu.

Tuliketi naye kwenye ngazi, tukamweleza. Jua hutupa chembe zenye umeme, na siku zile lilitupa nyingi mno. Dunia ni sumaku kubwa, nayo huziongoza chembe kuelekea pande za ncha zake. Huko, kilomita 100 na zaidi juu yetu, huigonga hewa nyembamba ikatoa mwanga: kijani, na juu zaidi, kupita kilomita 200, nyekundu.

Mara nyingi mwanga huo husimama kama upinde, mrefu kwa mamia ya kilomita toka mashariki hata magharibi, lakini mwembamba, pengine haufiki hata kilomita moja. Waliopita mikononi mwetu watakumbuka betri, waya na balbu ya tochi: pasipo njia ya kurudi, balbu haiwaki. Ndivyo ilivyo huko juu. Penye upinde umeme hupanda; kando yake, penye giza, hushuka. Na jambo linalotushangaza hata uzeeni ni hili: ndani ya mwanga msukumo wa umeme huwa dhaifu, maana hewa iliyogongwa huupitisha kwa wepesi. Nguvu zaidi iko kando, gizani. Kristian Birkeland wa Norway aliifikiri mikondo hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wenye elimu hawakukubali mpaka ilipopimwa kwa setilaiti katika miaka ya 1960.

Hata kwetu Afrika, kila mchana mkondo wa umeme hupita juu ya Ethiopia, kama kilomita 105 kutoka ardhini, wala hauonekani kwa macho. Mwaka 1988 setilaiti ya San Marco ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ikiwa na chombo cha kupima msukumo huo juu ya Ikweta.

Hatukumwambia mama kwamba Bwana harudi. Atarudi, ndivyo tunavyokiri kila Jumapili. Bali tulimfungulia Matendo ya Mitume, sura ya 1. Wanafunzi walikuwa wamekodolea macho mbinguni, na wale wawili wenye mavazi meupe wakawauliza sababu. Kisha walifanya nini? Walishuka mlimani, wakarudi mjini, wakadumu pamoja katika kuomba. Pentekoste ilikuwa bado siku kumi. Siku hizo hazikuwa na moto wala upepo wowote, nasi huzipita upesi mno tunapohubiri.

“Na lile tope, Mwalimu?”

Hapo hatukuwa na betri wala waya. Tulisema kwamba mvua kubwa ilinyesha, na sehemu ya mlima iliyolegea ikaporomoka. Lakini hakuwa anauliza habari za mvua. Alikuwa akiuliza kwa nini lilipita kwa jirani yake na si kwake. Tulinyamaza, tukamshika mkono, na mlinzi wa kanisa akatungoja na funguo zake bila kusema neno.

Jumanne alivuna maharage. Tulipata kibakuli kimoja.