Pumzi za Wazee Wetu

Mwenyezi Mungu atukumbusha katika Kurani Tukufu, Sura Ar-Rum, kwamba mwanadamu huanza katika udhaifu, kisha hupewa nguvu, na baada ya nguvu hurudishwa tena katika udhaifu na mvi. Wako wanaouliza, wala swali lao si la dharau: Yawaje Mungu Mwenye rehema ampunguzie pumzi mja aliyemtumikia miaka yote? Kabla ya kujibu, yafaa tujue ni kitu gani hasa kinachopungua.

Mapafu hukamilika kukua mtu afikapo umri wa miaka 20 hadi 25. Baadaye, hata kwa mtu mwenye afya asiyevuta tumbaku, hewa awezayo kuitoa kwa nguvu katika sekunde moja hupungua kwa wastani wa mililita 20 hadi 30 kila mwaka. Vifuko vya hewa hulegea, mbavu hukakamaa, na misuli ya kuvutia pumzi hudhoofika. Walakini mtu huyo huendelea kulima, kuchunga na kusali kwa miaka mingi pasipo kuhisi upungufu wo wote, maana tangu mwanzo alipewa pumzi nyingi kupita haja yake. Basi msomaji na aitazame rehema hapo, katika akiba hiyo, kabla hajalalamikia kupungua kwake.

Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha ya kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, isipokuwa uzee. Watu hushika nusu ya mwisho ya mafundisho haya na kuisahau ya kwanza. Mzee akihema kwa kutembea hatua chache, jamaa husema, "Ni uzee tu," wakamwacha. Lakini uzee peke yake haumfanyi mtu ashindwe kulala chali usiku, wala haumvimbishi miguu, wala haumkohozi majuma mawili mfululizo. Hayo yaweza kuwa moyo, au pumu, au upungufu wa damu, au kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Kumnyima mzee dawa kwa kisingizio cha uzee ni kukataa neema iliyokwisha teremshwa.

Liko kosa lingine baya zaidi, nalo tulitaje waziwazi, kwa kuwa limeimwagia damu nchi ya Usukuma. Ngulyati, katika Wilaya ya Bariadi, ni nchi ya pamba na ng'ombe, na kuni ni haba. Mama hupikia mabua, miti ya pamba iliyokauka, hata mavi ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Afanya hivyo miaka arobaini, hamsini. Moshi ule ule unaomwekundisha macho ndio unaomharibu mapafu, hata akawa anakohoa na kukoroma kifuani. Kisha mtoto wa jirani afariki kwa homa, na watu wamtazame bibi yule mwenye macho mekundu na pumzi za shida, waseme, "Mchawi ndiye huyu." Kamati ya serikali iliyoundwa mwaka 1988 ilionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya matukio yalitokea Usukumani. Ni msiba ulioje! Mama aliyepoteza macho na pumzi kwa kuwapikia watu chakula, ahukumiwe kwa alama zile zile za utumishi wake! Sura Al-Hujurat yatukataza dhana, nayo dhana hii imeua.

Katika Sura Bani Israil, mtoto amekatazwa kuwatolea wazazi wazee hata sauti ndogo ya kuchoshwa nao. Je, atakuwa ameitii amri hiyo yule asiyewatukana, ila awaacha katika moshi? Afadhali atoboe dirisha, ajenge jiko lenye bomba la kutolea moshi, na mzee asiketi karibu na moto unaofuka. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Dirisha halina haja ya kungoja mwaka huo. Tena mzee asifungiwe nyumbani kama mgonjwa. Atembee kidogo kila siku, maana misuli isiyotumika hunyauka upesi. Akibanwa na pumzi, aketi, ainame mbele, atoe hewa polepole kwa midomo iliyokaza, kama apulizaye moto.

Kuhusu ibada, wazee wengi hujitesa bure. Asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali kwa ubavu. Ndivyo Mtume s.a.w. alivyomwelekeza Imran bin Husain r.a. alipokuwa mgonjwa. Asiyeweza kabisa kufunga kwa ajili ya uzee, amlishe maskini kwa kila siku, wala asile kwa kujificha. Nao maimamu wakumbuke ya kwamba mtu mmoja alimshitakia Mtume s.a.w. imamu arefushaye sala ya alfajiri, naye akakasirika kuliko alivyopata kuonekana akikasirika katika mawaidha, akaamuru sala ifupishwe, kwa kuwa nyuma ya imamu yumo mnyonge, na mzee, na mwenye haja.