Deni la Yaliyopita

Wahenga walisema kuwa yaliyopita si ndwele, yafaa kuganga yajayo. Ni neno la busara kwa watu wawili waliogombana jana nao wataka kula pamoja leo. Walakini, je, lawafaa pia waliokufa na aibu, au waliouawa na mabaki yao yasirudishwe kwao?

Kitabu kimoja cha watoto chagusa swali hili kwa njia ya mchezo. Mwandishi wa Marekani, Dan Gutman, alitoa mwaka 2002 hadithi iitwayo Shoeless Joe & Me. Ndani yake yumo mvulana, Joe Stoshack, ambaye akishika kadi ya kale yenye picha ya mchezaji wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, huchukuliwa mpaka mwaka wa kadi ile. Katika hadithi hii alikwenda 1919, apate kuzuia njama ya wachezaji wa Chicago White Sox ya kushindwa kwa kupokea fedha, na kumnusuru Joe Jackson, mpigaji hodari. Mtoto alijua yote yatakayotokea, na bado yalitokea. Jackson na wenzake saba walipigwa marufuku ya maisha mwaka 1921, ijapokuwa mahakama haikuwaona na hatia.

Msomaji wa Songea hawezi kusoma kisa hiki asiufikiri mji wake. Mji huo wachukua jina la Nduna Songea Mbano wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa toka 1905 mpaka 1907. Kila Februari 27 mashujaa wale hukumbukwa hapo Songea. Na adhaniwe mwanafunzi wa mji huo amepata kadi kama ile, akafika 1905. Anajua kuwa maji ya dawa hayazuii risasi. Akinyamaza, atakuwa mshiriki wa mauti ya watu wake. Akisema, labda watamsikia, waweke silaha chini. Lakini kodi, kazi ya shuruti na kiboko vitabaki pale pale, na yeye hana dawa ya hayo. Ana maarifa ya mwisho wa vita, hana mzigo uliovileta. Ajuaye mwisho wa jambo huona ujinga mahali ambapo mwenye kulikabili aliona wajibu. Kwa hiyo kuwahukumu waliotangulia kwa mwisho ambao hawakuweza kuujua si haki.

Basi, ikiwa yaliyotendeka hayatenduki, yamebaki nini ya kufanya? Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaonana na kizazi cha Nduna, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake linalosadikiwa kuwa lilichukuliwa Ujerumani. Mei 2025 wakuu wa besiboli walimwondolea marufuku Jackson, aliyekufa 1951. Mambo haya mawili si sawa kwa uzito. Moja ni la mchezo, la pili ni la roho za watu. Lakini yafanana kwa hili, kwamba hayakuhitaji muujiza wa kadi. Yalihitaji walio hai kukubali kuyatazama yaliyopita.

Yupo atakayesema kuwa maiti hasikii msamaha, na kwamba neno lisilogharimu kitu ni upepo. Asema kweli nusu. Kuomba msamaha si kulipa. Hata hivyo ni kukiri deni, na hapana alipaye deni analolikana. Tena deni halifi pamoja na mdai, maana warithi wake wapo.

Kwa hakika, mithali ya wahenga yabaki kuwa njema, ila hutegemea ni nani aisemaye. Aliyedhulumiwa akisema kuwa yaliyopita si ndwele, amesamehe. Aliyedhulumu akiyasema maneno yale yale kabla ya kulipa, amejisamehe mwenyewe, na deni lake liko pale pale.