Deni la Maji

Afugaye matumbawe ndani ya tangi la kioo hujitwika kazi ya bahari. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huoza, yakatoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali mno. Chakula kikizidi nguvu ya bakteria hao, sumu hupanda, matumbawe yakapauka. Mwenye pupa humimina dawa. Mwenye busara hupima, hupunguza chakula, hubadili maji kidogo kidogo, kisha huuliza: uchafu huu umetoka wapi? Swali hilo hawezi kulikwepa, kwani mkosaji ni yeye na maji yamo sebuleni mwake.

Je, asiyeona maji yanakoishia hadaiwi? Mto Mkondoa hupita Kilosa, ukaingia Wami, na Wami humwaga baharini karibu na Saadani, mkabala na Unguja. Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, nyumba zikazama na reli ya kati ikakatika. Maji ya namna hiyo huchukua udongo wa makonde yaliyolimwa hadi ukingoni, wala mkulima haoni unakotua.

Umbali humficha mdeni, haufuti deni. Wala wa kisiwani, amwagaye taka ufukweni, hana kidole cha kumnyooshea wa bara. Tangi lina mfugaji mmoja, naye hujulikana. Bahari ina wafugaji wengi, na kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyelisha kupita kiasi.