Mkono Utoao na Mkono Upokeao

Ndugu msomaji, watu wengi huuliza: je, yafaa vyuo vyetu vikuu kupokea fedha za wageni kwa ajili ya elimu? Wako wasemao kwamba kila fedha ya mgeni ina mtego ndani yake; na wako wapokeao kila wapewacho wala wasiulize neno. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea njia.

Tutazame mfano ulio mbele ya macho yetu. Chuo Kikuu cha Ufundi hapa Mombasa, asili yake ni Chuo cha Waislamu kilichoasisiwa mwaka 1948 na kuanza kusomesha mwaka 1951. Sultani wa Zanzibar alitoa pauni 100,000. Aga Khan akatoa kama hizo. Mabohora wakatoa pauni 50,000, na Serikali ya Uingereza pauni 50,000. Ama ardhi, aliitoa Sheikh Khamis Mohammed bin Juma. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa Wakenya wote, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Utawala wa kikoloni umekwisha ondoka, na watoaji wale wamekwisha fariki, lakini chuo kipo. Fedha nyingi zilitoka mbali, bali ardhi ilikuwa ya hapa, na haja ya vijana kujua ufundi ilikuwa yetu.

Leo Umoja wa Ulaya una mpango uitwao Erasmus+, uliotengewa zaidi ya Euro bilioni 26 kwa miaka ya 2021 hadi 2027, na sehemu yake hugharimia ushirikiano na vyuo vya Afrika. Miradi ya kujenga uwezo wa vyuo mara nyingi ni ya miaka 2 au 3. Basi mwaka wa nne ukifika, nani atamlipa mwalimu?

Nami nakiri kosa langu. Niliwahi kuwa katika kamati iliyoandika ombi la fedha kama hizo. Hatukuandika tulichokihitaji, tuliandika tulichodhani mtoaji apenda kukisikia. Fedha zikaja, vyombo vikanunuliwa, na muda ulipokwisha chumba kikafungwa kwa kufuli. Mtoaji hakutudhulumu. Tuliomba kwa maneno yasiyo kweli, nao waliopata hasara ni watoto wetu.

Huenda mtu akasema: maskini hana uwezo wa kuchagua. Twamjibu: maskini aweza kusema kweli, na kusema kweli hakuna gharama. Mwenye kuomba na aeleze haja yake kama ilivyo, atie sehemu yake japo ni ndogo, na ajue tangu mwanzo ni nani atakayekitunza kitu mgeni akishaondoka. Asiyeweza hayo, heri angoje kuliko kupokea amana asiyoweza kuihifadhi.

Wallahu aalam.