Mpelelezi na Moyo Wake

Mnamo Desemba 2017 watu wa Marekani walisoma magazetini maneno ambayo wenyewe walioyaandika hawakutazamia kamwe yasomwe na mtu wa tatu. Yalikuwa maneno ya simu, mafupi mafupi, waliyopelekeana watumishi wawili wa FBI, ndiyo idara kuu ya upelelezi ya nchi ile: Bw. Peter Strzok, mpelelezi wa cheo kikubwa, na Bi. Lisa Page, mwanasheria. Humo walimdharau Bw. Donald Trump, aliyekuwa akigombea urais mwaka 2016. Na Juni 2018 likafunuliwa neno zito zaidi. Siku moja ya Agosti 2016 Bi. Page aliuliza kwa hofu kama mtu yule kweli atakuwa Rais, Bw. Strzok akamjibu kwamba hatakuwa, wao watazuia jambo hilo.

Lau neno hilo lingaliandikwa na muuza duka, lisingalimshughulisha mtu. Lakini siku chache tu kabla ya kuliandika, mwishoni mwa Julai 2016, FBI ilikuwa imeanza kuchunguza kama watu wa kampeni ya Bw. Trump walishirikiana na serikali ya Urusi, na Bw. Strzok alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Mei 2017 Bw. Trump, akiwa Rais, alimwachisha kazi mkuu wa FBI, Bw. James Comey. Siku 8 baadaye Naibu wa Mwanasheria Mkuu alimteua Bw. Robert Mueller, mkuu wa zamani wa FBI na mtu wa chama cha Republican, kile kile cha Rais, auendeleze uchunguzi. Bw. Strzok na Bi. Page wote wawili waliingia katika kundi lake. Bi. Page aliondoka mapema; naye Bw. Mueller, alipopata habari za maneno yale mnamo Julai 2017, alimtoa Bw. Strzok.

Kelele iliyofuata twaikumbuka. Rais alisema uchunguzi wote ni uonevu wa maadui zake, na watu wake wakawahesabu waendesha mashtaka wa Bw. Mueller kwa vyama vyao, huyu Democrat, na huyu, na huyu. Upande wa pili ukajibu ya kuwa maoni ya mtumishi wa serikali ni mali yake mwenyewe, na kazi ni kazi. Wote wawili walibishana juu ya moyo wa mpelelezi, kana kwamba mioyo hukaguliwa kama mizigo forodhani. Sisi twaona mahali pa kutazama palikuwa pengine.

Wasomaji wetu wakumbuke habari ya Susana, katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimtamani mwanamke mwaminifu. Alipowakataa, walimshuhudia uwongo kwamba wamemkuta bustanini na kijana. Mkutano uliwasadiki, maana walikuwa wazee na waamuzi, na Susana akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli alipopaza sauti, akawatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake: Uliwaona chini ya mti gani? Huyu akataja mti mmoja, yule akataja mwingine, na uwongo wao ukawa wazi.

Habari hii tumeihubiri mara nyingi, lakini kuna jambo ndani yake ambalo twalipita upesi. Kabla hajauliza swali lolote, Danieli alikwisha kuwakemea wazee wale kwa maneno makali sana. Hakuja kwao na moyo mweupe kama karatasi isiyoandikwa kitu. Kama angalikuwapo wakili wa wazee wale, bila shaka angalisimama na kusema: Mpelelezi huyu ana chuki, kazi yake yote ni batili. Lakini swali la Danieli lilikuwa la haki. Kama wazee wote wawili wangalitaja mti mmoja, Danieli angaliaibika mbele ya mkutano wote, na Susana angaliuawa. Aliuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kumshinda yeye mwenyewe. Hapo ndipo twaitambua haki ya mpelelezi, maana mwanadamu asiye na upande wowote hatujapata kumwona, hata katika seminari.

Hatusemi hayo ili kumfanya Bw. Strzok asiwe na lawama. Kumpendelea mgombea mmoja si kosa. Kila raia ana kura yake. Bali mtu aliyepewa kazi ya kumchunguza mwenzake, kisha akaandika kwamba atamzuia, amewapa wote waliokuwa tayari kuikataa kazi yake sababu ya kuikataa. Ilimpasa akae kimya, au atoke. Mzee wa baraza akiletewa shauri la shamba la shemeji yake, huinuka kitini bila kungoja kufukuzwa. Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Bw. Jeff Sessions, alifanya hivyo hasa: kwa kuwa alikuwa ameshiriki katika kampeni ya Bw. Trump, Machi 2017 alijitenga na uchunguzi huo, akachukiwa na Rais kwa ajili yake. Katika sakata lote lile ni matendo machache tuliyoyaona safi kuliko hilo.

Basi je, maneno yale ya simu yaliipotosha kazi? Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria, Bw. Michael Horowitz, alilichungua swali hilo mara mbili. Taarifa yake ya Juni 2018 ilihusu uchunguzi mwingine, ule wa barua pepe za Bi. Hillary Clinton. Hakupata ushahidi kwamba siasa ziliamua hatua za uchunguzi alizozipima. Lakini juu ya jambo moja, la Bw. Strzok kutanguliza kazi ya Urusi na kukawiza dokezo lililohusu barua za Bi. Clinton, alisema hana hakika kwamba upendeleo haukuwamo. Taarifa ya pili, ya Desemba 2019, ilisema kwamba uchunguzi wa Urusi ulianzishwa kwa sababu halali, wala haukuonekana ushahidi kwamba chuki ya siasa ndiyo iliyouanzisha. (Katika taarifa hiyo hiyo yamo maneno ya maofisa wengine wa FBI walioshangilia ushindi wa Bw. Trump. Hao magazeti hayakuwakumbuka sana.)

Lakini taarifa hiyo ya pili ilileta jambo ambalo katika maneno ya simu halikuwamo. Kanisa hutufundisha kuungama dhambi za mawazo, za maneno, za vitendo, na za kutotimiza wajibu. Watu wa Marekani walikuwa wamegombania miaka miwili mawazo na maneno ya wapelelezi. Kumbe kosa kubwa lilikuwa katika fungu lile la mwisho, ambalo sisi pia kwenye kitubio twalitaja haraka haraka tukielekea mlangoni.

Mambo yalikuwa hivi. Oktoba 2016 FBI iliomba mahakama maalum, iliyo ya siri, ruhusa ya kufuatilia mawasiliano ya mtu mmoja aliyekuwa mshauri wa kampeni ya Bw. Trump. Ruhusa ilitolewa, kisha ikafanywa upya mara 3 katika mwaka 2017. Katika mahakama ile mshukiwa hayupo, wala wakili wake. Hakimu husikia sauti moja tu. Ndiyo maana mwombaji hufungwa na wajibu mzito wa kueleza yote, na hasa yale yanayomsaidia mtu asiyekuwapo. Bw. Horowitz alihesabu makosa makubwa 17, ya kusema visivyo na ya kuacha kusema. Hawakueleza kwamba mtu yule aliwahi kuipa idara nyingine ya ujasusi ya Marekani habari za Warusi aliokutana nao. Na Januari 2017 mtu ambaye habari nyingi walizozitegemea zilitoka kwake aliwaambia FBI mambo yaliyozidhoofisha habari hizo. Hata hivyo maombi yaliyofuata yalipelekwa pasipo kumwambia hakimu. Tena Juni 2017 mwanasheria mmoja wa FBI, Bw. Kevin Clinesmith, aliongeza maneno ndani ya barua pepe ya mtu mwingine ili mtu yule aonekane hakuwa mtoa habari. Agosti 2020 alikiri kosa lake, akapewa kifungo cha nje cha miezi 12 na saa 400 za kuutumikia umma bila malipo.

Je, waliacha kwa chuki, au kwa uvivu, au kwa haraka? Mkaguzi aliwauliza, asipate maelezo ya kumridhisha. Mtu aliyekwisha kuamini hahitaji kusema uwongo. Yamtosha kutolifungua jalada lile ambalo lingemsumbua. Hatii sahihi chini ya uwongo. Hutia sahihi chini ya ukweli uliopunguzwa, na jioni hulala usingizi mzuri. Mshauri yule hakushtakiwa kosa lolote.

Sasa twawageukia waliolia upendeleo. Amri ya nane yatukataza kumdhania mwenzetu vibaya pasipo sababu ya kutosha, wala haisemi kwamba wapelelezi hawamo. Mei 2019 Bw. John Durham alipewa kazi ya kuwachunguza wachunguzi. Alifanya kazi miaka 4, muda unaokaribia kuwa maradufu ya ule wa Bw. Mueller. Katika taarifa yake ya Mei 2023 aliilaumu sana FBI kwa kuuanza uchunguzi kamili juu ya habari zisizopimwa, na kwa kulishika lile waliloliamini tayari wasilione lililolipinga. Lawama hiyo twaipokea, maana yafanana na ile ya makosa 17. Lakini watu wawili aliowafikisha mbele ya mahakama, mwaka 2022, wote wawili waliachiliwa, na hila kubwa ya siri waliyoahidiwa watu haikuthibitishwa. Wala Bw. Durham mwenyewe hakuepuka kuitwa mpendeleaji na upande wa pili.

Tena, kundi lile la Bw. Mueller lililosemwa kuwa ni la maadui, lilitoa taarifa gani? Kurasa 448, zilizotangazwa Aprili 2019. Ziliwataja kwa majina maofisa wa ujasusi wa jeshi la Urusi walioiba barua za chama cha Democrat. Juu ya swali la kama Rais alizuia haki, zilikataa kumsafisha. Lakini juu ya shutuma iliyokuwa kubwa kuliko zote, kwamba kampeni ya Bw. Trump ilifanya njama na Urusi, zilisema ushahidi haukuithibitisha. Kama nia ya kundi lile ilikuwa kumwangusha Rais, basi liliandika kinyume cha nia yake lenyewe. Mti wao ulipotajwa haukuwa ule walioudhaniwa kuutaka, nao waliuandika vivyo hivyo.

Labda msomaji atauliza yatuhusu nini mambo ya Washington. Yatuhusu kwa sababu hakuna parokia isiyopata kuunda kamati ya kuchunguza sadaka iliyopungua, wala ukoo usioketi kuuliza nani alihamisha mpaka. Na karibu kila mara aliyeteuliwa kuuliza amekwisha kumjua mwizi moyoni mwake kabla hajaketi.

Agosti 2018, huko Alexandria katika jimbo la Virginia, aliyekuwa mkuu wa kampeni ya Bw. Trump, Bw. Paul Manafort, alihukumiwa na juri ya raia 12 kwa makosa ya kodi na ya kudanganya mabenki, katika kesi iliyoletwa na kundi la Bw. Mueller. Mashtaka yalikuwa 18; alionekana na hatia katika 8. Siku iliyofuata mama mmoja wa juri ile alisema hadharani kwamba yeye alimwunga mkono Bw. Trump, na kwamba hakutaka Bw. Manafort awe na hatia. Lakini karatasi zilikuwa mezani, akazisoma, akamwona ana hatia katika mashtaka yote 18. Ni mwenzao mmoja tu aliyekataa yale 10. Alisema pia kwamba kila siku alipokwenda mahakamani alikuwa na kofia yake ya kampeni ya Bw. Trump. Aliiacha kwenye kiti cha nyuma cha gari.