Damu kwenye Mswaki

Jua limeshapanda juu ya rasi ya Ubwari, na huku mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mtu yuko uani na kikombe cha maji, anapiga mswaki. Anatema. Povu lina wekundu. Analaumu mswaki kuwa mgumu, anasukutua, anakwenda zake kutafuta ndagala.

Ufizi mzima hautoki damu hivi hivi. Utando wa vijidudu ukikaa penye shina la jino hugeuka ugaga, ufizi unavimba, na vijidudu vinapata njia ya kuingia kwenye damu. Na damu, kila tone, hupita moyoni.

Tusitishane, lakini. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipima tafiti nyingi kikasema: ugonjwa wa ufizi na ugonjwa wa moyo huandamana, ila haijathibitika kwamba ufizi ndio unaouangusha moyo. Sigara na kisukari huharibu vyote viwili.

Ila kuna njia moja isiyobishaniwa. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, homa ya baridi yabisi inamvamia na kuacha makovu kwenye vali za moyo. Miaka inapita. Vijidudu vya kinywani vinakuja kujibanza penye kovu lile, na hapo ni ugonjwa wa kuua. Kwa hiyo mama, kama mwanao aliwahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, usimpeleke kung'olewa jino kimya kimya. Mwambie muuguzi kwanza. Huenda akahitaji dawa kabla koleo halijagusa jino.