Kukatwa Utupu kwa Ajili ya Uzuri: Yawapasayo Kuyajua Wake na Waume

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akamsawazisha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Amma baad.

Katika darsa ya wanawake tumeletewa suali lililoandikwa katika karatasi iliyokunjwa, bila ya jina. Mwenye kuuliza ni mama. Asema kwamba binti yake ameposwa na arusi imekaribia, na binti ameshikilia kuwa haolewi mpaka kwanza apasuliwe, apunguzwe midomo ya utupu wake, kwa kuwa ameona picha katika simu akajiona yeye si kama wanawake wengine. Daktari amekwisha patikana, na fedha zatafutwa kwa mkopo. Mama auliza: Je, jambo hili lafaa? Nimpe radhi yangu au nimzuie?

Tulisitasita kulijibu hadharani. Kisha tukamkumbuka Ummu Sulaym, Mungu amuwie radhi, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akatanguliza kusema kwamba Mwenyezi Mungu haionei haya haki, ndipo akauliza khabari ya mwanamke aotaye usingizini. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Basi haya imwachayo binti wa Kiislamu aende kwenye kisu hali hajui lolote, hiyo siyo haya tuliyofundishwa. Ndiyo sababu tumeona yatupasa kuandika.

Jambo la kwanza la kujua ni umbo lenyewe. Mwenyezi Mungu ameuumba utupu wa mwanamke una mikunjo miwili ya nje na miwili ya ndani. Hii ya ndani madaktari huiita midomo midogo. Haikuumbwa bure: yahifadhi njia ya mkojo na njia ya uzazi, yazuia ukavu, na ndani yake mna mishipa mingi ya fahamu, ambayo kwayo mke hupata raha yake katika ndoa. Wanawake hawafanani katika kiungo hiki, kama wasivyofanana nyuso. Kwa mmoja yafichika, kwa mwengine yatokeza nje. Upande mmoja huweza kuwa mrefu kuliko wa pili. Na rangi yake mara nyingi huwa nyeusi kuliko mwili. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50, wakaona upana wa midomo hiyo ni baina ya milimita 7 na milimita 50, na wote ni wanawake wa kawaida. Mwaka 2018 vikachapishwa vipimo vya wanawake 657 wa Lucerne, katika nchi ya Uswisi, na humo pia haikuonekana sura moja ya kusemwa kuwa ndiyo ya sawa.

Tena tutazame kwa majirani zetu. Katika Buganda na katika Rwanda imekuwa ada tangu zamani mabinti kuvuta midomo hii ili irefuke, kwa kuwa huko urefu ndio uhesabiwao kuwa uzuri. Binti wetu wa Mombasa ataka kukatwa kile ambacho mwenziwe wa Kampala alivutwa apate. Je, kipimo hiki kigeukacho kwa kuvuka mpaka ndicho cha kumtolea Muislamu damu yake?

Ama hukumu ya shari'a, maulamaa wametafautisha baina ya mambo mawili, na asiyeyatafautisha atapotea kwa upande mmoja au wa pili.

La kwanza ni upasuaji wa dawa. Mwanamke ambaye midomo yake yamchubua anapokwenda au anapoketi, ikatoka vidonda mara kwa mara, au yamtia maumivu anapoingiliwa na mumewe, au aliyepasuka kwa uzazi akaponea vibaya, au aliyezaliwa na ila ya dhahiri, huyo ni mgonjwa, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Arfaja bin As'ad alikatwa pua yake katika vita vya Kulab, akatengeneza pua ya fedha ikamtolea harufu mbaya, na Mtume akamwamrisha afanye pua ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hapa pana dalili kwamba kuondoa dhara na ila kumefunguliwa mlango. Na miongoni mwa wenye kustahiki dawa hii khasa ni dada zetu waliotahiriwa kwa kushonwa walipokuwa watoto. Kwenda kwa daktari mjuzi kufunguliwa mshono ule ni kuondoa dhulma, wala asiwepo wa kuwatia aibu.

La pili ni upasuaji wa mtu mzima wa afya ambaye hana maumivu wala ila, bali ataka sura nyengine. Hapa ndipo palipo na onyo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Mwenyezi Mungu ametupa khabari ya kiapo cha Iblisi kwamba atawaamrisha wanadamu wabadilishe maumbile ya Mungu. Na katika Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Sahihi mbili, wamelaaniwa wenye kuchanja chale za rangi na wenye kutia mianya katika meno kwa kutafuta uzuri. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya ulimwengu, ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliruhusu upasuaji wa kurudisha kiungo katika hali yake na wa kuondoa ila yenye kumdhuru mtu mwili au nafsi, ikakataza ule ambao makusudio yake ni kubadilisha umbo lililo zima kwa kufuata matamanio na kuigiza wengine. Na hata ule ulioruhusiwa iliushurutiza: daktari awe hodari na mwaminifu, mgonjwa aridhie, aelezwe hatari zake, na isiwepo dawa nyengine iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Huenda binti akasema, "Nami nafsi yangu yadhurika, kwani silali kwa huzuni." Twamjibu kwa upole kwamba huzuni yake ni ya kweli, wala hatuicheki. Lakini dawa hutiwa palipo na maradhi. Ikiwa mwili ni mzima na maradhi yamo katika fikira, kisu kitakata mwili na fikira itabakia pale pale. Madaktari wanawajua watu wa namna hii, ambao wakimaliza kukatwa kiungo kimoja huchukizwa na kingine. Mtu huyo yafaa aanze kwa tabibu wa nafsi. Na zile picha alizoziona ni haramu kuzitazama, na tena nyingi kati yake zimetengenezwa, zikafutwa na kulainishwa. Amejipima kwa kitu kisichokuwako.

Sasa tutaje madhara, kwani mwenye kuuza kazi hii huyataja kwa haraka. Daktari humtia mtu ganzi, akakata ukingo wa midomo au kipande cha pembe tatu katikati yake, kisha akashona. Uvimbe na maumivu hukaa siku nyingi, na mke hukatazwa kuingiliwa kwa muda wa kiasi cha wiki sita. Huweza kutokea damu nyingi, usaha, mshono kuachana, kovu gumu lenye kuuma, pande mbili zisilingane, na fahamu za mahali pale zikapungua au zikawa kali za kuumiza. Binti aliyekatwa ili ampendeze mume huenda akawa ndiye atakayeumia kila anapokurubiwa na mume huyo. Nyama ikikatwa hairudi. Chuo cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilionya mwaka 2007 kwamba usalama na faida ya kazi hii ifanywapo bila ya ugonjwa havijathibiti. Na chuo kama hicho cha Uingereza kilisema mwaka 2013 kwamba haifai kufanyiwa aliye chini ya miaka 18, kwa kuwa viungo vyake bado vyakua, na pengine upande mmoja hutangulia wa pili kisha zikalingana.

Wala tusisahau sheria ya nchi yetu. Sheria ya mwaka 2011 ya kukataza ukeketaji imekataza kukata utupu wa mwanamke kwa sababu isiyokuwa ya matibabu, ikaacha kazi ya daktari yenye makusudio ya kweli ya kutibu. Radhi ya mwenye kukatwa haimwokoi mkataji, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliikataa daawa ya daktari mmoja aliyetaka mwanamke mzima aachiwe hiari yake katika jambo hili. Na sisi tunaohubiri kila siku kwamba wembe wa ngariba haukuamrishwa na dini, tutasema nini tukinyamazia wembe wa zahanati uliong'arishwa, ukatao pale pale?

Basi mwenye maumivu ya kweli na afanye hivi. Amwendee kwanza daktari wa kike ajuaye maradhi ya wanawake, ambaye hatapata faida yoyote kwa yeye kukatwa. Asipopatikana mwanamke, ndipo aendewe mwanamume kwa dharura, na asiwe peke yake naye, wala kisifunuliwe ila kiasi kihitajiwacho. Aulize: Ugonjwa wangu ni upi? Hapana dawa iliyo chini ya kisu? Mara nyingi nguo pana za pamba, mafuta ya kulainisha na kuacha sabuni kali hutosha. Aulize tena: Umewafanyia wangapi, na waliodhurika wametibiwaje? Wala asikope kwa riba, kwani atakuwa ametafuta uzuri kwa kumpiga vita Mwenyezi Mungu.

Na aliyepasuliwa kwa haki ajue kwamba damu ya jeraha si haidhi. Haimwondolei faradhi ya swala. Ajisafishe, afunge kitambaa, atawadhe, aswali. Akipatwa na janaba au akitoka katika haidhi, na daktari amekataza maji yasifike kidondani, aoshe palipo pazima na atayamamu kwa pale palipobaki.

Limebaki neno kwa waume na kwa masomo wanaowafunda maarusi. Tumesikia mume akimdhihaki mkewe kwa umbo ambalo mke hakulichagua, na somo akimwambia binti kwamba "hivi mume hatakupenda." Maneno haya ndiyo yaanzayo kukata, kabla ya daktari. Mume mwenye kumtia mkewe kisuni kwa ajili ya jicho lake amemdhuru, na shari'a yetu haikubali mtu kudhuru wala kudhuriwa.

Kwako wewe mama uliyeandika: usimpe radhi kwa kukatwa, wala usimpigie kelele. Mpeleke kwa daktari wa kike amtazame. Akimkuta ana ugonjwa, atibiwe, nasi tutakuwa wa kwanza kumwombea dua. Akimkuta mzima, aambiwe kwa kinywa cha mjuzi kwamba ni mzima, kwani huenda hajapata kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Na arusi ikiakhirishwa mwezi mmoja ili moyo wake utulie, hapana ubaya. Mkopo ule urudishweni kabla ya kuliwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu, na atupe sote kuridhika na alivyotuumba. Wallahu aalam. Wa billahi taufiq.